Nilimshikia Jirani Ngazi, Sasa Natakiwa Nimshtaki

Mpendwa Bi Daulat,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mke wangu alinikasirikia katikati na mambo ya mwisho hakuyasikia. Majina tafadhali yabadilishe yote, langu likiwemo, kwa sababu gazeti lako huwekwa pale kwenye duka la unga na ndizi katika plaza iliyo karibu na kwetu, na kila mtu ninayemtaja humu hununua unga pale, isipokuwa mwenyekiti wetu, ambaye hasomi Kiswahili, na hilo ni moja kati ya mambo machache niliyobaki nayo ya kumshukuru Mungu.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kisumu, kazi yangu ni ya kompyuta ofisini, mke wangu Cherono ni nesi, na tunaishi hapa Scarborough katika zile nyumba za kushikana ukuta, mstari mzima paa moja, ambapo ukinunua nyumba unanunua na sheria zake: rangi ya mlango huchagui wewe, kamba ya kuanikia nguo ni marufuku, na uani huwezi kusimamisha kitu chochote bila kibali cha chama cha wenye nyumba. Chama kina kamati, kamati ina mwenyekiti, mama mmoja wa makamo anaitwa Doreen, ambaye hutembea na futi kamba mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso, na kamati ina katibu. Katibu ni mimi. Sikugombea, Bi Daulat. Nilichelewa kufika kwenye mkutano mkuu, nikakuta wameshanichagua na wameshapiga makofi.

Upande wetu wa kushoto wanakaa Mzee Roshanali na mkewe Mama Gulbanu, Waismailia wa Moshi waliokuja Kanada miaka mingi iliyopita, wakaendesha duka la kufua nguo mpaka walipozeeka wakalifunga. Siku tuliyohamia, kabla hatujateremsha hata godoro kwenye lori, Mama Gulbanu alikuja mlangoni na sahani ya kababu akatuambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Karibuni wanangu, kuleni kwanza, mizigo haikimbii," na Cherono, ambaye alikuwa hajaitwa mwanangu na mtu yeyote tangu atoke nyumbani, akakaa juu ya boksi la vyombo akalia. Mtoto wetu alipozaliwa, mama mkwe wangu alinyimwa viza ya kuja, na aliyemwosha mtoto ni Mama Gulbanu. Tangu siku ile ya kababu sahani haijapumzika, inakuja na biriani inarudi na chapati, inakuja na sambusa inarudi na maandazi, maana wewe unajua, sahani ya watu huwezi kuirudisha tupu, kwao ni aibu na kwetu ni aibu.

Sasa shida yenyewe ilianza na ile dhoruba ya barafu ya Krismasi ya 2013, stima ilipopotea mtaa mzima na watu tukakaa ndani na makoti. Mzee Roshanali akatoa jiko la mkaa alilokuja nalo kutoka Moshi, ambalo mwanawe Nabeel amemwambia mara nyingi alitupe, akaliwasha uani juu ya theluji, Mama Gulbanu akapika chai ya maziwa na tangawizi sufuria zima, na mtaa wote ukaja na vikombe, wa kwanza akiwa Doreen, ambaye alirudi na kikombe chake mara ya pili akaomba na sukari. Bi Daulat, mzee yule tangu afunge duka lake alikuwa anashinda dirishani na kofia ya sufu kichwani akitazama magari ya watu wakienda kazini. Siku zile za giza nilimwona akitembea haraka, akitoa amri, akimkemea mtu aliyetaka kupuliza moto vibaya. Stima iliporudi kila mtu aliingia ndani akasahau. Yeye hakusahau.

Theluji ilipoyeyuka akaniita kwenye uzio. "Elias, mwanangu, nataka kuweka kipaa tu, jiko lisinyeshewe." Nikamwambia, Mzee, kipaa kinahitaji kibali. Akasema, "Kibali cha nini, bwana? Kina miguu minne na bati. Hata meza ina miguu minne, mbona hamniulizi kibali cha meza?" Jumamosi nikaenda kumkataza, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na kifungu cha sheria kichwani, lakini nilipofika nilimkuta ameshaanza kupanda ngazi, mzee wa zaidi ya miaka sabini, misumari mdomoni, ngazi inacheza, na wewe niambie Bi Daulat, mtu aliyelelewa na wazazi wake anaweza kusimama mikono mfukoni huku mzee anapanda ngazi inayocheza? Nikaishika. Na ukishashika ngazi huwezi kuiachilia kwenda kutafuta kifungu cha sheria.

Kipaa kikapata ukuta mmoja, kwa ajili ya upepo. Ukuta ule ukapata mwenzake, kwa kuwa, alisema, upepo wa Scarborough hauna upande mmoja. Ukaja wa tatu kwa ajili ya watu wa mstari wa nyuma wanaochungulia, na wa nne ukawekwa mlango, halafu bomba la moshi likachomoza juu ya uzio, na hapo ndipo akanifundisha kwamba mtu akiuliza, hiki ni kibanda cha mabeleshi ya theluji. Nikamwuliza, Mzee, mabeleshi yanatoa moshi? Akacheka mpaka akakaa chini. Kila Jumamosi nilikwenda kumkataza na kila Jumamosi nilimkuta yuko juu ya ngazi, na ikifika jioni sahani inakuja, mishkaki juu ya wali, na sheria ya kukataza mishkaki hakuna.

Mwezi huu wa Juni yakaja malalamiko. Mtu wa mstari wa nyuma ameandika kwamba moshi unaingia chumbani kwake, na ametuma picha aliyoipiga kutoka dirisha la juu. Kamati ikakutana nyumbani kwa Doreen. Ilikuwa zamu yangu kupeleka vitafunio, Cherono alikuwa kazini, nami nikaona nisiende mikono mitupu, nikachukua kababu alizoleta Mama Gulbanu mchana ule ule, nikazihamishia kwenye bakuli letu, nikaenda nazo. Doreen akaipitisha picha mezani. Inaonyesha kibanda, inaonyesha bomba, inaonyesha Mzee Roshanali juu ya ngazi, na chini ya ngazi inaonyesha mgongo wa mtu. Mgongo ule ni wangu. Nilikuwa nimevaa ile sweta tuliyoshonewa wanaume wa kanisani, ambayo imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa WANAUME SIMAMENI IMARA, na kusema kweli nilikuwa nimesimama imara.

Doreen akaniuliza kwa Kiingereza, nakutafsiria, "Elias, hii si lugha ya kwenu? Nadhani hilo ndilo jina la kampuni ya ujenzi. Tutafutie hao watu, tuwaandikie na wao." Kamati nzima ikaitikia kwa kichwa, kwa sababu midomo ilikuwa imejaa kababu, zilizochomwa kwenye jiko lile lile walilokuwa wanapanga kulivunjia nyumba. Mmoja akasema hajawahi kula kababu kama hizi. Doreen akasema mke wangu anajua kupika sana. Na mimi, Bi Daulat, Mungu anisamehe, nikasema asante.

Wakakata shauri kwamba katibu aandike barua ya kumwamuru Mzee Roshanali abomoe, aipeleke mwenyewe kwa mkono, na kwenye mkutano wa wiki ijayo alete jina la kampuni.

Hazikupita siku nyingi Doreen akakutana na Cherono pale tunapoegesha magari, akamwomba amfundishe kababu, anatia giligilani au hatii. Cherono wangu ni Mkalenjin wa Kericho. Mwulize maziwa ya kibuyu akueleze mpaka kesho, lakini kababu hajui hata zinashikanaje. Aliingia ndani akakaa na viatu. "Elias, kwani mimi nimepika kababu lini?" Nikaanza kumweleza tangu dhoruba, nikafika kwenye ukuta wa tatu, akanikata. "Kwa hivyo umekula kwa huyo mzee, ukamshikia ngazi, ukabeba chakula cha mkewe ukapelekea watu wakakikula wakimhukumu, na bado wewe ndiye utampelekea barua? Ati utamgongea mlango na mkono gani?" Sahani ya mwisho ya Mama Gulbanu, ile ya maua ya samawati, imeoshwa, iko juu ya friji, na Cherono amekataa kuijaza. Amesema haitoki nyumbani mwetu mpaka itoke pamoja na ukweli. Mama Gulbanu ameshatuuliza kutoka ng'ambo ya uzio kama kwetu kuna mgonjwa.

Na hili ndilo jambo ambalo mke wangu hakulisikia. Nabeel, mtoto wao, ana nyumba kubwa Markham, mji wa jirani, na amewatengenezea wazazi wake sehemu ya chini, zulia limeshatandikwa. Alishamwambia baba yake kwamba barua moja tu ikitoka kwenye chama, anawahamisha, maana itakuwa wazi hawawezi tena kukaa peke yao. Mzee aliniambia haya akiwa juu ya ngazi, hakunitazama. "Elias, huko nitakaa chini ya miguu ya watu nikingoja kuitwa chakula. Wajukuu nawasalimia Kiswahili, wananijibu Kiingereza, macho kwenye simu. Hapa angalau nina wewe wa kugombana naye." Kwa hiyo barua ninayotakiwa kuiandika ndiyo itakayowafungia mizigo, na mwandiko utakuwa wangu.

Nimefikiria kusema kampuni haikupatikana. Nimefikiria kujiuzulu. Nimefikiria hata sisi ndio tuhamie Markham. Jumamosi hii mzee ananingoja, anataka kuweka kofia juu ya bomba mvua isiingie, na ngazi ameshaitoa. Nifanye nini? Gazeti lako hutoka Alhamisi, naomba nijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Mgongo Kwenye Picha,
Scarborough

*

Ndugu Mgongo,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nilikukasirikia katikati, pale pale alipokukasirikia mkeo, na nilipofika mwisho nikakuhurumia, halafu nikairudia tangu juu nikakukasirikia upya. Majina nimeyabadilisha. Sidhani kama itakusaidia. Kibanda cha mabeleshi chenye bomba la moshi Scarborough hii sidhani kama kiko kingine.

Kwanza nikupe haki yako. Kushika ngazi hukukosea. Mzee amepanda, ngazi inacheza, umeishika. Ungemwacha akaanguka ukaniandikia kwamba ulikuwa unatafuta kifungu cha sheria, barua yako ningeitupa. Mimi ni mtu wa Tanga, nami nimelelewa hivyo hivyo, na siku mtu atakaponiona nimesimama mikono mfukoni mbele ya mzee anayehangaika, ajue siko sawa, aniite daktari. Mikono yako haina kosa. Kosa liko mdomoni. Mdomo huo ulikwenda kukataza ukarudi na mshikaki. Mdomo huo ulipongezwa kwa kababu za mama wa watu ukasema asante. Wewe mwanamume mzima, katibu wa chama, umeandikwa mgongoni usimame imara, na kababu ndizo zilizokuangusha.

Sasa nikwambie kitu nilichokitafuta katika barua yako nisikione. Umeandika habari za Doreen, za Nabeel, za sahani, za friji, umeandika mpaka habari za maziwa ya kibuyu. Hujaandika neno hata moja juu ya moto. Jiko la mkaa, ndani ya kuta nne za mbao, zenye mlango wa kufunga, zimeegemea nyumba zilizoshikana paa moja tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Cheche moja tu, mwanangu, na mtoto aliyeoshwa na Mama Gulbanu amelala upande wa pili wa ukuta. Na si moto peke yake. Mkaa ukiwaka mahali palipozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasikia usingizi tu, analala, basi. Binamu yangu aliwasha jiko ndani ya chumba kule Parkdale, baridi yake ya kwanza katika nchi hii, hita ilikuwa imeharibika. Alikuwa mgeni, hakujua. Nilimwosha mimi. Mpaka leo nikisikia mtu amejenga ukuta kuzunguka mkaa ili upepo usiingie, namwambia aubomoe leo leo, kwa sababu huo upepo ndio unaomwacha hai.

Kwa hiyo usije ukadhani Doreen na futi kamba yake ni wajinga. Sheria nyingine ni za upuuzi, hiyo ya rangi ya mlango sina la kuisemea, lakini hii mliyoivunja nyinyi wawili ina maana. Kipaa kilikuwa hakina neno. Jiko uani, hewa inapita, watu wanakunywa chai, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote mliyowahi kuyaona mtaani kwenu. Mlipoanza kuta ndipo mlipoharibu, na kila ukuta uliushika wewe. Unamwogopea mzee barua isimhamishe, na wewe mwenyewe umemjengea kitu ambacho kingeweza kumhamisha mbali zaidi ya Markham.

Nisikilize vizuri sasa, na usingoje Jumamosi. Ukishaliweka chini gazeti hili, teremsha ile sahani juu ya friji. Usimwombe Cherono aijaze, huna uso wa kumwomba. Kanda unga mwenyewe, sukuma chapati mwenyewe. Zitatoka na pembe, ziache na pembe zake, Mama Gulbanu amekula mabaya zaidi. Kisha mwambie mkeo avae viatu mwende wote wawili, kwa sababu ndiye mwenye akili katika nyumba yenu, na ukianza kuzungukazunguka atakukanyaga mguu.

Mkifika, usianze na sheria. Mzee huyo sheria anazijua, na majibu yake anayo, atakuambia habari za meza. Anza na moto. Mwambie, Mzee, tumekosea, mimi na wewe, na mkaa huu hauwaki tena humu ndani hata leo. Mkishaelewana hapo, mwambie habari ya picha. Mwambie na habari ya kampuni. Atacheka mpaka akae, ulisema ndivyo anavyocheka, na akishakaa chini hajapanda ngazi, basi hapo ndipo umwambie lile gumu: kwamba chakula cha mkewe ulikipeleka kwenye baraza lililokuwa linamhukumu, ukasifiwa wewe. Mwambie mbele ya Mama Gulbanu. Mwombe radhi yeye, kwa kumtaja. Kisha usijitetee, ngoja.

Ukitoka hapo nenda kwa Doreen, peke yako, sweta yako umeishika mkononi. Mwambie kampuni nimeipata, ni mimi. Mweleze maana ya maandishi yale. Mwambie kababu si za mke wangu, ni za Mama Gulbanu, na zilichomwa ndani ya kibanda hicho. Halafu mwambie kwamba katika jambo hili hupigi kura na huandiki barua, kalamu ya katibu aishike mtu mwingine. Wala usijiuzulu. Kujiuzulu kwako ni kukimbia tu, tena utamwacha mzee bila mtu anayejua njia za kamati.

Na njia unazijua, maana kitabu cha sheria unakishika wewe. Waambie mwenye nyumba amekubali kurekebisha kwa hiari yake, wampe nafasi kabla barua haijaandikwa. Kuta nne zinashuka. Bomba linashuka. Kipaa kinapunguzwa kisizidi uzio, na kinaombewa kibali, kama kivuli cha kukalia, kwa jina lake halisi, si mabeleshi. Jiko la Moshi liende likae barazani na maua ndani yake. Mishkaki ichomwe kwa gesi kama wanavyochoma majirani zenu, mbali na ukuta, na kamati iseme wapi. Mama Gulbanu atalalamika kwamba gesi haina ladha, na ni kweli haina, lakini atazoea. Wakikataa kipaa, mtakuwa mmepoteza kipaa. Mtu anaishi bila kipaa.

Chai ya ile dhoruba usimkumbushe Doreen. Mtu aliyerudi na kikombe mara ya pili anakumbuka mwenyewe, na ukimkumbusha utaonekana unamdai.

Nabeel naye mnamfanya adui bure. Yule kijana anaogopa baba yake asije akaungua, na kwa jinsi mlivyojenga, ana haki ya kuogopa. Mzee ampigie simu yeye mwenyewe, asingoje aambiwe na watu. Amwambie, mwanangu, nimejenga vibaya, Jumamosi navunja, njoo na nyundo. Mtoto aliyeona baba yake amekiri na amevunja kwa mikono yake atapata tabu sana kusema baba hajiwezi. Na aje na wale wajukuu, waweke simu ndani, waokote misumari. Kiswahili hakijawahi kufundishwa vizuri kuliko mtu akiambiwa angalia mguu wako.

Maana mimi nadhani nyote mmemkosea mzee huyo kitu kimoja, ukiwemo wewe unayempenda. Mnadhani alikuwa anataka jiko. Mzee alikuwa anataka kazi. Amekaa dirishani tangu afunge duka, akaonja siku chache za kuhitajiwa, akaona asizipoteze, akaanza kujenga, na kila alipokaribia kumaliza akaongeza ukuta ili Jumamosi nyingine urudi kumkataza. Alikuambia mwenyewe, nina wewe wa kugombana naye, nawe ukaiandika sentensi hiyo ukaipita. Uzio wa mtaa wenu mzima, naapa bila kuuona, umeoza. Iambie kamati ina fundi mzuri bure, kilichobaki ni kupimiwa na Doreen tu. Wale wawili watagombana vizuri, na wewe utapumzika.

Na wewe Mzee, kwa kuwa najua Alhamisi hii umesimama pale dukani na mfuko wa unga, unasoma haya na mkeo anakuambia usome kwa sauti, shikamoo. Mabeleshi hayatoi moshi. Nyumba ya mwanao si gereza, lakini kama hutaki kwenda, usimpe sababu ya kukupeleka. Msamehe kijana huyu. Ni mwoga wa maneno, lakini ngazi hakuiachilia hata mara moja.

Basi, Ndugu Mgongo, Jumamosi mzee ataegemeza ngazi ukutani kama kawaida, na safari hii si kwa ajili ya kofia ya bomba. Nenda. Ulimshikia ngazi alipokuwa anapanda, kamshikie anaposhuka, na sasa ndiyo zamu ngumu, maana atashuka na bati mkononi na macho yatakuwa mazito. Vaa sweta ile ile. Na ukimwona yule mtu wa mstari wa nyuma ametokeza dirishani na kamera yake, usimwonyeshe mgongo tena. Geuka, akuone uso.

Bi Daulat